Nani Aseme Mkutanoni, na Aseme Lini?

 

Hivi karibuni tulihudhuria Mkutano Mkuu wa kijiji kimojawapo katika vijiji vinavyopokea jarida hili. Hatutakitaja jina, kwa kuwa yaliyojiri pale hujiri kwingi, na kukitaja kimoja ni kuvitakasa vingine visivyostahiki kutakaswa. Mkutano uliitishwa saa nane mchana, ukaanza saa kumi kasorobo. Ajenda zilikuwa sita, na ya nne ilikuwa ni kuridhia ugawaji wa ardhi. Mtendaji aliposoma kwamba eneo linalopendekezwa linaanzia barabara ya zamani hadi bondeni, bibi mmoja aliyeketi nyuma, juu ya mkeka wa mkono wake mwenyewe, alinyanyua mkono. Alitaka kujua jambo moja tu: je, bonde la ukindu limo?

Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba swali lake ni zuri, basi alitunze mpaka ifike ajenda ya Mengineyo. Mikono ikanyanyuliwa, ajenda ya nne ikaridhiwa. Ilipofika Mengineyo jua lilikuwa limekwisha shuka nyuma ya minazi. Ikatangazwa kwamba muda si rafiki, hivyo watapokewa wachangiaji watatu: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja na kijana mmoja. Mwanamke aliyeteuliwa alikuwa ameketi mstari wa mbele, naye alisimama kushukuru kwa kujengewa darasa. Adhana ya Magharibi ikasikika, nusu ya watu wakainuka, na mkutano ukafungwa. Bibi yule aliondoka na swali lake. Jina lake, hata hivyo, halikuondoka naye. Lilibaki katika karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo iliambatanishwa na muhtasari kuwa ni ushahidi kwamba wananchi wameridhia.

Tumeona tuzungumzie mipaka ya kusema katika mikutano hii, kwa sababu watu wengi huihesabu kuwa ni mambo madogo ya utaratibu, ilhali ndani yake hupitishwa mambo ambayo watoto wetu watayakuta yamekwisha.

Kwanza tujue mkutano huu ni kitu gani. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wakazi wote wa kijiji waliofikia umri wa miaka 18, na ndio mamlaka ya juu kabisa katika mambo yote ya sera ya jumla ya kijiji. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, huchaguliwa na mkutano huo na huweza kuondolewa nao. Mkutano Mkuu hukutana kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeongeza uzito mwingine: Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Na pale inapokusudiwa ardhi ya kijiji ihamishwe iwe ardhi ya jumla, basi ikiwa haizidi hekta 250 ni Mkutano Mkuu unaokubali au kukataa. Mtu anayesimama kuuliza katika mkutano kama huo, kwa hiyo, hakuja kwa watawala kuomba hisani. Yeye ni sehemu ya mamlaka yenyewe. Mwenyekiti anapomwambia akae chini, ni kama mjumbe mmoja wa baraza kumnyamazisha mjumbe mwenzake.

Wazee wetu wanakumbuka hali nyingine. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, na kwa muda wa miaka kadhaa mambo yalipangwa mikoani na kuteremshwa chini kwa njia ya maagizo. Sheria za 1982 ndizo zilizozirejesha. Leo Ibara ya 146 ya Katiba yetu inaeleza kuwa madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia maamuzi yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa. Lakini mazoea ya kuteremshiwa hayafutwi kwa sheria. Wako viongozi ambao bado huuita mkutano ili watoe taarifa, na wako wananchi ambao bado huenda ili wapewe.

Tuwe waadilifu pia kwa wenyeviti. Anayewalaumu na ajaribu siku moja kuendesha mkutano wa watu mia tatu chini ya mwembe mmoja bila ya kipaza sauti. Kuna mzee anayetaka kusemea mtaro wa maji machafu, naye huanza kwa kueleza alivyohamia hapo katika Operesheni ya mwaka 1974, nani alikuwa jirani yake, na ng'ombe wa nani alikufa. Kuna anayechukua zamu ya kuuliza akaitumia kumlipiza mtalaka wake. Kuna kijana aliyetumwa kuja kuvuruga, na dalili zake zinajulikana. Sisi wenyewe darasani, penye wanafunzi arobaini na saa moja ya somo la nahau, hatuwezi kumwachia kila mmoja aulize anavyotaka. Mwenyekiti akisema kila mchangiaji ana dakika tatu, na azungumzie ajenda iliyopo, na asikatizwe, hapo amefanya kazi yake na sisi tunamuunga mkono.

Katika masomo ya fikihi tulifundishwa kutofautisha baina ya kulipanga jambo na kulizuia. Anayezipanga safu msikitini hamzuii mtu kuswali. Humwonyesha pa kusimama. Lakini akimpeleka mtu nje ya mlango, hata akisema kuwa ni kwa ajili ya safu kunyooka, huyo amezuia. Mipaka ya mkutanoni nayo ina sehemu hizo mbili, na yanayosemwa kwa upole mara nyingi ndiyo yanayozuia kuliko yanayosemwa kwa ukali.

Chukua huo utaratibu wa wachangiaji watatu. Kwa dhahiri yake ni uadilifu: jinsia zote mbili zimo, na vijana wamo. Lakini nani anawateua? Anayeteua ni yuleyule anayeulizwa. Tumekwisha kuona mikutano ambayo wachangiaji watatu wanajulikana tangu asubuhi, na shukrani zao zimekwisha kupangiwa maneno. Dakika tatu kwa kila mtu ni mpaka wa wakati. Watu watatu kwa kijiji kizima ni mpaka wa watu, na watu watatu waliochaguliwa na meza kuu ni mpaka wa maana yenyewe. Kama muda ni mchache, na ugawanywe baina ya walionyanyua mikono, hata kama kila mmoja atapata dakika moja. Bibi yule alihitaji nusu dakika.

Au chukua neno siasa. Mwananchi akiuliza mapato na matumizi ya mchango wa zahanati, huambiwa asilete siasa. Sheria inataka taarifa ya mapato na matumizi isomwe mkutanoni. Kuisikiliza si siasa, basi kuiuliza kunakuwaje siasa? Au lile la kutakiwa kupeleka swali kwa maandishi ofisini siku kadhaa kabla, katika kijiji ambacho ajenda zenyewe hazijabandikwa ubaoni hadi asubuhi ya mkutano. Mtu ataandikaje swali la jambo asilojua kuwa litakuwapo?

Lakini mpaka unaotumika kuliko yote, na ambao kwetu sisi Waislamu una sura nzuri, ni ule wa adabu. Huambiwa mtu: hoja yako hatuikatai, tunakataa namna ulivyoisema. Na kwa kuwa tumelelewa kuheshimu wakubwa, basi hunyamaza na huona haya. Hapa tusimame kidogo.

Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra, kwamba mtu mmoja alikuja kwa Mtume (rehema na amani zimshukie) kumdai ngamia aliyekuwa akimwia, akatumia maneno makali. Masahaba wakataka kumshughulikia. Mtume akawazuia, akawaeleza kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru anunuliwe ngamia wa umri uleule. Hakupatikana ila aliye bora kuliko yule wa deni, akaagiza apewe huyohuyo. Tazameni mpangilio wa tukio hili. Ukali wa yule bwana haukusifiwa, wala hakuna mahali tunapoamrishwa tuwaige wakali. Ila ukali wake haukufanywa kuwa sababu ya kutosikilizwa deni lake. Na kisa cha mwanamke aliyekuja kumjadili Mtume kuhusu mumewe, ambaye kwa ajili yake iliteremka Sura ya Al-Mujadila, hakihitaji kurefushwa kwa wasomaji wa jarida hili, wengi wamekihifadhi. (Kisa kilicho mashuhuri zaidi katika mihadhara yetu, cha mwanamke aliyemsahihisha Umar juu ya mahari, tumekiacha kwa makusudi, kwa kuwa wanazuoni wa hadithi wamezungumza katika isnadi yake. Hoja ikiwa imesimama kwa lililo sahihi haina haja ya mkongojo.)

La kustaajabisha ni kwamba suala hilihili limefika katika mahakama za mbali. Katika mji mdogo wa Southborough, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, baraza la mji lilikuwa na kanuni iliyomtaka kila anayesema katika kipindi cha maoni ya wananchi awe na heshima na upole, asitoe maneno ya ukali wala ya kumlenga mtu. Mwaka 2018 mkazi mmoja alililaumu baraza kwa kuvunja sheria ya mikutano ya wazi, mabishano yakapanda, akamfananisha mjumbe aliyekuwa akiongoza kikao na Hitler. Kikao kikakatishwa, akatishiwa kutolewa nje. Shauri lilifika hadi Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, na mwezi Machi 2023 ikaamua kuwa kanuni ile ni batili. Majaji waliegemea tamko la haki la jimbo hilo la mwaka 1780, linalowapa watu haki ya kukusanyika kwa utulivu na utaratibu na kupeleka malalamiko yao. Walisema kuwa utulivu na utaratibu ni kitu kimoja, na upole wa maneno ni kitu kingine. Mji unaweza kupanga muda na mahali pa kusema, na unaweza kumzuia anayevuruga kikao. Hauwezi kumlazimisha raia awasifu au awe mpole kwa wale anaowalalamikia.

Sisi hatuafiki kumwita mtu Hitler kwa sababu ya kikao, na mwanafunzi wetu akisema hivyo tutamwadhibu. Tunachokiafiki ni ile tofauti iliyowekwa. Kwani adabu ni wajibu wa anayesema, na atahesabiwa kwayo mbele ya Mola wake. Ikigeuzwa kuwa mizani mkononi mwa anayelaumiwa, basi kila lawama itapimwa na kukutwa haina adabu. Hatujapata kumwona mchangiaji akikatizwa kwa kusifu kupita kiasi, ijapokuwa kusifu kupita kiasi nako kuna makatazo yake.

Linabaki suala la lini, na kwetu sisi ndilo zito zaidi. Mtu anaweza kupewa saa nzima ya kusema, na bila ya kukatizwa, na bado asiwe amepewa kitu, ikiwa saa hiyo imewekwa baada ya uamuzi. Jimbo jingine la Marekani, California, lina sheria ya mikutano ya wazi ijulikanayo kwa jina la Ralph M. Brown, iliyopitishwa mwaka 1953 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Ndani yake imo sharti kwamba mwananchi apewe nafasi ya kuzungumzia jambo kabla baraza halijaliamua au wakati linapojadiliwa. Muda wa kila msemaji unaruhusiwa kuwekewa kikomo. Kukataza watu wasikosoe sera na matendo ya baraza hakuruhusiwi. Na tangu mwaka 2017 anayesema kupitia mkalimani hupewa angalau mara mbili ya muda wa wengine, isipokuwa pale ambapo tafsiri hufanywa papo kwa papo kwa vyombo. Wamefahamu kuwa dakika tatu haziwi sawa kwa watu wasio sawa. Tuna wazee katika vijiji vyetu ambao Kiswahili cha ofisini, cha mihtasari na maandiko ya miradi, ni sawa na lugha ya kigeni kwao. Bibi yule hakuuliza kuhusu viwianishi vya ramani. Aliuliza kwa jina ambalo yeye na mama yake wamelitumia: bonde la ukindu.

Na tusiende mbali hivyo. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 196, wamelibebesha bunge la kaunti wajibu wa kuwashirikisha wananchi, na kulikataza kuwafungia nje wananchi au vyombo vya habari ila kwa hali ya kipekee ambayo Spika ameitolea sababu za haki. Mwezi Aprili 2014 Mahakama Kuu, chini ya Jaji George Odunga, iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alisisitiza kwamba ushirikishwaji uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza sharti tu, na akataja mahali ambapo wananchi hukutana na ambapo wangeweza kufikiwa: makanisani, misikitini, kwenye mahekalu, mabarazani na katika redio za lugha za kienyeji. Msikiti umetajwa. Hatujui kama maimamu wetu wa upande huu wa mpaka wamepata kujiuliza ni lini mara ya mwisho tangazo la Mkutano Mkuu lilisomwa baada ya swala ya Ijumaa, likiwa na ajenda zake zote, badala ya kuachiwa mgambo mwenye baragumu alfajiri.

Kuhusu vikao vya madiwani wilayani hatutarefusha. Mwananchi huweza kuhudhuria, huketi nyuma na kusikiliza, na asemewe na diwani wake. Ndiyo sababu ya kuushikilia Mkutano Mkuu wa Kijiji, na ule wa mtaa kwa walio mijini: ndiko mkono wa mtu wa kawaida unakohesabiwa wenyewe.

Tumeandika mengi juu ya wengine, na haifai tuache upande wetu. Yule mwenyekiti hakuizua Magharibi. Alijua tu kwamba tutaondoka, na kwamba tunaondoka bila ya kusema neno. Je, ni nani kati yetu aliyesimama saa nane na robo akaomba mkutano uanze? Ni nani aliyeomba, kabla ya mikono kunyanyuliwa, kwamba ajenda ya nne isimamishwe hadi swali la bibi lijibiwe? Tulikuwapo wanaume wasiopungua arobaini tuliohitimu madrasa moja au nyingine. Sisi tunaoandika haya tulikuwapo, na tulinyamaza.

Kisha tazameni kamati zetu za misikiti. Ni ngapi ambazo husoma mapato na matumizi mbele ya jamaa, na kumwachia muumini wa mwisho wa safu aulize bei ya saruji? Ni ngapi ambazo wanawake, ambao michango yao ndiyo iliyopaua nusu ya misikiti yetu, wanapata hata hao watu watatu wa kuchangia? Tumepokea barua kutoka kwa muumini aliyeambiwa kuwa kuuliza hesabu za msikiti ni kutia fitina. Fitina ni kisawe cha siasa katika kamusi ya wasiotaka kuulizwa. Barua hiyo tutaishughulikia katika toleo lijalo, in shaa Allah, baada ya kuisikia kamati husika.

Ama kuhusu kijiji tulichoanza nacho, baada ya swala ya Ijumaa iliyofuata watu kumi na wawili walikwenda ofisini na barua. Wameomba ajenda zibandikwe msikitini, kanisani na dukani siku saba kabla. Wameomba maswali ya kila ajenda yaulizwe ndani ya ajenda hiyo, kabla ya mikono kunyanyuliwa, na muda ugawanywe kwa wote watakaotaka kusema. Wameomba karatasi ya mahudhurio iandikwe juu yake kwamba ni ya mahudhurio. Na wameomba mipaka ya eneo lililoridhiwa isomwe upya kwa majina ya mahali yanayojulikana na wenyeji. Mwenyekiti aliwapokea vyema, na tunamshukuru. Amekubali mipaka isomwe upya, na mkutano uanze saa tatu asubuhi. Mengine, amesema, yatajadiliwa katika Mengineyo.

Bibi yule hakwenda ofisini, miguu inamsumbua. Ametuuliza kama karatasi ya mahudhurio itapitishwa mwanzoni mwa mkutano au mwishoni, maana safari hii anataka kwanza asikie bonde limo au halimo, ndipo atie dole gumba. Tumempelekea mwenyekiti swali hilo kwa maandishi. Hadi tunakwenda mitamboni hatujapata jibu.